Bao Lilivyoingia Kompyutani

Nokia ilipotoa simu yake ya 3310 mwaka 2000, iliiwekea michezo minne: wa nyoka, wa kuoanisha picha, wa vita vya angani, na mmoja ulioitwa Bantumi. Simu hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 120 duniani, wala hazikuwa ngeni Mombasa, Dar es Salaam au Kampala. Aliyefungua Bantumi alikuta safu mbili za mashimo sita sita, ghala moja kila upande, na kete za kusambazwa moja moja. Mtu wa pwani hakuhitaji kuelezwa kwamba huo ni ukoo wa bao. Cha kushangaza kilikuwa kile kisichokuwemo: hapakuwa na nyumba, hapakuwa na kunamua wala kutakata, na kete ikishaingia ghalani ilikuwa imetoka mchezoni moja kwa moja. Sheria hizo ni za Kalah, mchezo ulioanza kuenezwa Marekani mwaka 1940 na William Julius Champion, ambaye baadaye aliufungulia kampuni ya kuuuza huko Massachusetts. Kwa hiyo wengi wa Afrika Mashariki walipopata kwa mara ya kwanza mchezo wa kete ndani ya simu, walipata ule uliorahisishwa Marekani, ilhali mkubwa wake, bao la kiswahili, alibaki barazani. Ninavyoona, bao halikuachwa nyuma kwa sababu ni gumu mno kwa kompyuta, wala kwa kukosa wachezaji. Liliachwa kwa sababu sheria zake zilikaa vinywani mwa wanaolicheza, na kompyuta haijui kuuliza wazee.

Historia ya Kalah yenyewe ndiyo ushahidi wa kwanza. Tangu mwaka 1964, Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa na programu ya kuucheza, pamoja na waraka wa kiufundi wa kuieleza. Mwaka 1968 Waingereza wakachapisha taarifa ya programu nyingine iliyoendeshwa kwenye kompyuta kubwa iitwayo Atlas. Watafiti wa akili bandia wa zama hizo walipenda mchezo ambao sheria zake zinaenea katika nusu ukurasa, na Kalah ilikuja na karatasi ya maelekezo ndani ya sanduku lake. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walitangaza kwamba wameukokotoa mchezo huo hadi mwisho kwa mabao mengi ya ukubwa wa kawaida, yaani ilijulikana nani atashinda kila upande ukicheza bila kosa. Miaka miwili baadaye, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam wakafanya hivyo hivyo kwa awari, ndugu wa bao wa Afrika Magharibi. Walipitia hali zote 889,063,398,406 zinazoweza kutokea kwenye bao lile, wakakuta kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare.

Awari iliwezekana kukokotolewa kwa sababu moja inayofaa kuangaliwa kwa makini. Katika awari, kama katika Kalah, kete zilizoliwa huondoka ubaoni, na mchezo unavyokwenda ndivyo bao linavyopungua. Mtafiti anaweza basi kuanzia mwisho, pale zilipobaki kete mbili au tatu, akajua jawabu, kisha akarudi nyuma kete moja moja mpaka zote 48. Bao la kiswahili halitoi mwanya huo. Lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na katika safu ya mbele shimo moja huchongwa mraba, nalo ndilo nyumba. Mwanzoni kila mmoja huweka kete sita nyumbani, mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kulia kwa nyumba, na 22 hubaki akiba. Kisha inaanza namua: kila zamu kete moja ya akiba inatiwa katika shimo la mbele lenye kete, na kama shimo la mwenzake linalolikabili nalo lina kete, zinaliwa. Lakini kuliwa huku si kufa. Kete zilizoliwa zinahamia upande wa mlaji na kusambazwa hapo hapo kuanzia kichwani, ncha ya safu ya mbele, na ile ya mwisho ikiangukia penye kete, mkono unaendelea: unakula tena kama ng'ambo kuna kitu, au unazoa zote na kusonga mbele, mpaka uangukie shimo tupu na kulala. Akiba ikiisha, mtaji unaanza, na tangu hapo zote 64 zimo ubaoni hadi dakika ya mwisho. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au ambaye hana tena shimo analoweza kuchezea. Mtu anaweza kuwa na kete chache kabisa, akapata mlo mmoja mrefu, akageuza mchezo wote.

Hapo wengi husimama na kusema: basi jawabu limepatikana, bao ni gumu mno. Hoja hii inawapendeza Waswahili, maana inatusifu, na ndiyo maana inastahili kutiliwa shaka. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliokadiria idadi ya hali zinazowezekana katika bao walipata kiasi cha namba moja ikifuatwa na sifuri 25. Ni nyingi, lakini dama ina hali za kadiri ya tano ikifuatwa na sifuri 20, nayo ilikokotolewa hadi mwisho mwaka 2007 na Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Sataranji inalizidi bao mbali sana, na tangu mwaka 1997, kompyuta ya IBM ilipomshinda Garry Kasparov, hakuna anayebisha uwezo wa mashine katika mchezo huo. Go ya Wachina ina hali zisizotamkika, namba yenye tarakimu zaidi ya 170, na mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol wa Korea michezo minne kwa mmoja. Kukokotoa mchezo hadi mwisho ni jambo moja. Kuandika programu inayoucheza vizuri, au hata inayouchezesha tu watu wawili kwa kufuata sheria, ni jambo jingine rahisi zaidi. Ugumu wa hesabu unaeleza kwa nini bao halijakokotolewa. Hauelezi kwa nini lilisubiri karibu miaka 40 baada ya Kalah kabla ya mtaalamu wa kompyuta kuliandikia makala ya namna ya kulitungia programu.

Kilichokosekana ni maandishi, na si kwamba sheria zenyewe zilikuwa hazijakomaa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliacha shairi linalozungumzia bao kwa istilahi za wachezaji, na mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt alilichambua mwaka 2003 akionyesha jinsi linavyotusaidia kujua historia ya mchezo. Muyaka hakuwa na haja ya kuwafafanulia wasikilizaji wake maneno yale. Walikuwa wanayatumia wenyewe kila siku. Sheria iliyokomaa kiasi hicho, inayojulikana na kila mtu anayehusika, haimpi mtu yeyote sababu ya kuiandika. Walioandika walikuwa wapita njia. Stewart Culin wa Marekani alitangaza katika miaka ya 1890 kwamba michezo ya ukoo huu ndiyo mchezo wa taifa la Afrika, kana kwamba Afrika ni taifa moja, na H. J. R. Murray wa Uingereza akaipanga katika kitabu chake cha mwaka 1952 kuhusu historia ya michezo ya ubao. Kazi zao zina thamani kwa mtu anayetaka kujua mchezo ulienea wapi. Lakini kwa ajili ya kuucheza mpaka mwisho bila kubishana, maelezo ya namna hiyo hayatoshi, kwa kuwa mwandishi hutazama mkono unavyokwenda siku za kawaida, na sheria za bao zinaonyesha meno yake siku zisizo za kawaida.

Mfano ni nyumba. Wakati wa namua, kete ya mwisho ya mlo ikiishia ndani ya nyumba ambayo bado ni nzima, na ng'ambo hakuna cha kula, mwenyewe ana hiari: alale hapo aihifadhi, au asafiri nayo, aizoe yote na kuivunja. Hiari hii haimo katika shimo jingine lolote. Akiwa anatakata, yaani anacheza zamu isiyo na mlo, mambo yanabadilika: kete ya mwisho ikiingia nyumbani analala tu, na akilazimika kuanzia nyumbani kwenyewe anachota kete mbili peke yake. Mfano mwingine ni kutakasia. Wakati wa mtaji, mchezaji akitakata na kumwacha mwenzake hana cha kula, huku yeye akitishia shimo moja tu la mwenzake, shimo hilo linakuwa limetakasiwa na mwenzake haruhusiwi kuanzia hapo, isipokuwa likiwa ni nyumba nzima, au ndilo shimo pekee lenye kete katika safu ya mbele, au ndilo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja. Shimo lenye kete zaidi ya 15 nalo haliwezi kuanzisha mlo. Mtu anayejifunza kwa kutazama anaweza kukaa muda mrefu bila kuona hali hizi, na siku zikitokea, mkubwa mmoja aliyekaa pembeni anatamka neno na mchezo unaendelea. Programu haina mkubwa wa pembeni. Kila hali, hata ile inayotokea kwa nadra, lazima iwe imeamuliwa kabla ya kete ya kwanza kuguswa.

De Voogt ndiye aliyeziba pengo hilo, na si kwa nia ya kutengeneza programu. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Leiden mwaka 1995, ilihusu akili za mafundi wa bao wa Zanzibar: wanakumbuka nini, wanahesabu umbali gani, mipaka yao iko wapi. Ili awapime ilibidi kwanza aandike sheria zao kwa ukamilifu, pamoja na pembe zake zote. Maandishi hayo ndiyo yaliyomfikia Donkers huko Maastricht, na mwaka 2002 yeye na Uiterwijk wakatoa makala ya kutunga programu ya bao katika mkutano wa Olimpiki ya Kompyuta. Mwaka uliofuata, tasnifu ya Donkers ililitumia bao kama uwanja wa majaribio: aliifundisha mashine kupima ubora wa hali mbalimbali za mchezo, kisha akachunguza kama mchezaji anayejua fikra za mpinzani wake atafaidika kwa kuzitegea. Mpangilio wa matukio haya una maana. Kompyuta na wataalamu walikuwepo tangu miaka ya 1960. Programu ya bao ilikuja miaka saba tu baada ya sheria kuwekwa katika maandishi yaliyotimia.

Kuna jambo ambalo hata maandishi hayo hayakulimaliza, nalo linaonyesha vizuri tofauti ya baraza na mashine. Kwa kuwa mkono unaendelea kila kete ya mwisho inapoangukia penye kete, kinadharia zamu moja inaweza kuzunguka bila kukoma. Barazani hilo si tatizo: watu watachoka au watacheka, na watakubaliana la kufanya. Programu iliyokutana na zamu kama hiyo bila kutahadharishwa itaganda. Mtungaji wake lazima aweke kikomo, labda mizunguko kadhaa, na aamue pia kama zamu hiyo ni halali, ni batili, au mwenye kuicheza ameshindwa. Mtu aliyekaa Ulaya na kibodi yake amepewa ghafla madaraka ambayo hakuna fundi hata mmoja Zanzibar aliyewahi kuwa nayo peke yake.

Nikisema hivi siwalaumu Waholanzi. Walifanya kazi ambayo vyuo vyetu havikuifanya, na waliifanya kwa heshima. Lakini matokeo yake ni kwamba mkondo mmoja wa mchezo, ule wa mafundi wa Zanzibar wa miaka ya 1990 kama ulivyoelezwa na mtafiti mmoja, ndio uliopata njia ya kupita kuingia katika mashine, na mtungaji programu yeyote anayetafuta sheria atakutana nao kwanza. Bao linachezwa pia Lamu na Mombasa, bara, Visiwa vya Ngazija, na Malawi ambako huitwa bawo, na sheria hazilingani kila mahali. Ndugu zake wa karibu, omweso wa Uganda na igisoro cha Rwanda, wana mashimo 32 na kete 64 vilevile, ila namna ya kula ni nyingine kabisa. Oman kuna hawalis, yenye safu nne za mashimo saba. Mchezaji wa Lamu akifungua programu ikamkatalia zamu ambayo baba yake aliicheza maisha yake yote, programu haimwambii kwamba kwao ni hivi na kwenu ni vile. Inamwambia amekosea.

Atakayenipinga atasema kila mchezo mkubwa ulipita njia hii. Sataranji nayo ilikuwa na sheria tofauti mji kwa mji, mpaka zikaunganishwa, na bila hivyo kusingekuwa na ubingwa wa dunia. Ni kweli, na sipingi sheria moja ya mashindano. Swali ni nani anayeiandika. Kazakhstan na Kyrgyzstan wana mchezo wa ukoo huu huu, wenye mashimo tisa kila upande na kete 162. Wao wenyewe waliuandikia sheria, wakauanzishia mashindano, Kyrgyzstan ikauingiza katika Michezo ya Dunia ya Wahamaji ya mwaka 2014, na mwaka 2020 nchi hizo mbili pamoja na Uturuki zikauandikisha UNESCO kama urithi wao. Mtungaji programu anayetaka kuutia kwenye simu anakuta kitabu cha sheria kimetiwa saini na wenye mchezo. Kusawazisha sheria hakukuwapokonya kitu, kwa sababu waliosawazisha ndio wanaocheza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka kwa wapenzi wa bao wenyewe: kwamba bao ni watu, ni kahawa na utani na mtazamaji anayejua zaidi ya wanaocheza, na kwamba skrini haiwezi kubeba hayo. Nakubali kwamba haiwezi. Lakini hoja hii inaficha jambo kubwa zaidi, ambalo ni la akili na si la uhondo. Ufundi wa bao uko katika kuhesabu kabla ya kugusa. Fundi anaangalia ubao, anasambaza kete zote kichwani, mlo baada ya mlo, anajua kete ya mwisho italala wapi, ndipo mkono unashuka. Programu nyingi za michezo ya kete hufanya kinyume chake: unagusa shimo, kete zinaruka zenyewe, na usipopenda matokeo kuna kitufe cha kurudisha nyuma. Anayejifunza hivyo anaweza kucheza michezo 1,000 bila kuhesabu hata mmoja. Tena mashine haikosei kusambaza, kwa hiyo mchezaji hajifunzi kumkodolea macho mpinzani ambaye mkono wake umeacha kete mbili palipostahili moja. Hata hivyo kosa hili si la skrini. Programu inaweza kumdai mchezaji aonyeshe kwanza shimo ambalo zamu yake itaishia, na kumnyima zamu akikosea. Hiyo ingekuwa mwalimu mkali kuliko wazee wengi. Kitufe cha kurudisha nyuma ni uamuzi wa mtungaji, kama vile kikomo cha zamu isiyoisha, na maamuzi yote hayo yanafanywa na yule aliyefika kwanza na maandishi mkononi.

Wako pia wanaosema hakuna soko, kwamba vijana wanataka kandanda ya kielektroniki na hawatalipia bao. Sina la kuwajibu zaidi ya Bantumi. Hakuna aliyeiomba, na bado watu waliicheza, kwa sababu ilikuwemo.

Njia iliyo bora ipo tayari, na cha ajabu inatoka Maastricht tena. Kati ya mwaka 2018 na 2023, mradi ulioongozwa na Cameron Browne ulitengeneza mfumo uitwao Ludii, wenye michezo zaidi ya 1,000 ya ubao iliyoandikwa kwa lugha moja ambayo kompyuta inaielewa. Mchezo mmoja unaruhusiwa kuwa na sheria za aina kadhaa, na kumbukumbu zake zinataja sheria zilipatikana wapi. Tofauti za Lamu na Zanzibar, au za pwani na Malawi, zinaweza kukaa humo bila mmoja kumfuta mwenzake. Kinachokosekana ni walewale waliokosekana tangu mwanzo: wachezaji wenyewe. Vyama vya bao vya Zanzibar na Dar es Salaam, na waandaaji wa mashindano ya bao katika tamasha la Lamu, waketi waandike kwa Kiswahili sheria wanazozifuata, kuanzia kunamua hadi kutakasia, na pale wasipokubaliana waandike kwamba hawakubaliani na kila upande unasemaje. Idara za Kiswahili na za kompyuta za vyuo vikuu vyetu ziwape wanafunzi kazi hiyo kama utafiti. Na kijana atakayetunga programu ya bao aweke katika ukurasa wake wa kwanza mstari unaosema sheria hizi ni za wapi na nani amezithibitisha.